Majani ya Mungu na Sumu Chunguni

Kuna hoja moja inayorudiwa sana katika Kisii na Nyamira, kwenye vibanda vya majani ya kutafuna ya muguka karibu na steji za bodaboda, kwenye meza za dawa za mitishamba sokoni Daraja Mbili, hata miongoni mwa waumini ambao hawajawahi kuonja pombe. Hoja yenyewe ni fupi: haya ni majani tu, Mungu ndiye aliyeyaotesha, yatamdhuru mtu vipi? Anayesema hivyo hatanii, na mara nyingi hajitetei. Anasema jambo la imani. Anaamini kwamba dunia ina mwenyewe, kwamba huyo mwenyewe ni mwema, na kwamba kilichotoka mkononi mwake bila kupitia kiwandani hakiwezi kuwa adui wa mwili aliouumba yeye huyo huyo. Kwa hiyo ukimjibu kwa takwimu za hospitali peke yake, hujamjibu. Ni lazima umfuate mpaka pale alipoanzia, kwenye fundisho la uumbaji, umwonyeshe kwamba fundisho hilo halisemi anachodhani linasema. Ndiyo kazi ninayoifanya hapa, kwa sababu kosa hili linaumiza watu, na linawaumiza zaidi wale ambao imani yao ni ya kweli.

Nchi ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, ni nchi ya dini. Waadventista Wasabato waliofika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, walipanda hadi Nyanchwa miaka michache baadaye. Wakatoliki walijenga Nyabururu. Leo makanisa ya kila aina yamejaa vilimani kuanzia Keroka hadi Ogembo. Waadventista hasa wamefundisha kwa zaidi ya karne moja kwamba mwili ni hekalu, na kwa ajili hiyo wanakataza pombe na tumbaku, na wanawashauri waumini waache hata chai na kahawa. Mtu angetarajia kwamba watu waliolelewa katika fundisho kali namna hiyo wangekuwa wa mwisho kumeza kitu wasichokijua. Lakini muumini huyo huyo anayeikataa chai hununua chupa ya unga wa mizizi isiyo na lebo, isiyo na jina la mti wala kipimo, akainywa asubuhi na jioni kwa matumaini ya kupona kisukari au maumivu ya mgongo. Ukimuuliza, atakutajia sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, pale Mungu anapompa mwanadamu mimea itoayo mbegu na miti yenye matunda.

Tuisome basi sura hiyo na zinazoifuata. Mimea inatolewa kwa ajili ya chakula, na anayepewa ni mwanadamu ambaye bado hajaanguka. Sura moja tu baadaye, ndani ya bustani iliyopandwa na Mungu mwenyewe, pana mti ambao Adamu anaonywa asile matunda yake, kwani siku atakapoyala atakufa. Hilo peke yake lingetosha kuivunja hoja ya majani ya Mungu. Mti ule haukupandwa na shetani. Haukutoka kiwandani. Ulikuwa wa Mungu kwa kila hali, na bado kuula kulikuwa kifo. Kitu kuwa chema katika uumbaji, mahali pake na kwa kazi yake, ni jambo moja. Kufaa kuingia mdomoni mwa mtu ni jambo jingine kabisa, na Maandiko hayakuwahi kuyachanganya mambo hayo mawili.

Kuna kisa kingine ambacho husomwa mara chache kuliko kinavyostahili, katika sura ya nne ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Njaa imeshika nchi ya Gilgali. Elisha anaamuru chungu kikubwa kitelekwe kwa ajili ya wanafunzi wa manabii. Mmoja wao anatoka kwenda kutafuta mboga, anakuta mtango-mwitu, anajaza matango nguoni, anarudi, anayakatakata na kuyatia chunguni, maana hawakuyajua. Wanapoanza kula wanapiga kelele kwamba chunguni mna mauti. Tazama walikuwa watu gani: wanafunzi wa manabii, mezani kwa nabii, wakati wa njaa iliyowafanya wastahili huruma. Usafi wa nia zao haukubadili chochote katika matango yale. Wafasiri wengi hudhani yalikuwa aina ya tikiti chungu la jangwani ambalo huharisha vibaya mno. Msimulizi hamlaumu aliyeyachuma kwa kukosa imani. Tatizo analolitaja ni moja, kutojua. Na Elisha hawaambii wale kwa imani, wala hawakemei kwa kulalamika. Anawasikiliza, kisha anashughulikia chungu.

Mgusii hahitaji kwenda Gilgali kulijua hili, kwa kuwa jikoni kwake amelijua siku zote. Mboga ya chinsaga haitolewi shambani ikaliwa. Huchemshwa hadi ilainike, maji machungu humwagwa, na katika nyumba nyingi hutiwa maziwa na kulazwa chunguni ili uchungu uishe. Rinagu ni mboga nzuri, lakini matunda yake mabichi yana solanini, sumu ile ile ya viazi vilivyogeuka kijani. Tena kwa miongo mingi wakulima wa Kisii na Nyamira waliwalipia watoto wao karo kwa ua la pareto. Walilichuma, wakalianika, wakalipeleka kwenye chama cha ushirika, na malipo yakategemea kiasi cha pairethrini kilichomo, yaani sumu inayoua wadudu. Ua hilo ni jeupe na zuri, nalo ni kazi ya Mungu, na sumu yake ndiyo iliyokuwa bei yake. Mimea haina miguu ya kukimbia. Mingi hujilinda kwa kemikali, na nikotini ya tumbaku na kafeini ya kahawa ni miongoni mwa silaha hizo. Ikitokea kwamba silaha ya mmea dhidi ya mdudu inauchangamsha ubongo wa binadamu, hiyo si zawadi tuliyoandikiwa. Ni kemia iliyokutana na mishipa yetu. Karamoja, nchini Uganda, mwaka 2019, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na mbegu za mnanaha, gugu ambalo pia huota ovyo karibu na mazizi na mashamba ya Kenya. Waliokula walikuwa na njaa, na waliowaletea walikuwa na nia njema. Ni chungu kile kile cha Elisha.

Sasa tuje kwenye majani yanayotafunwa. Miraa ya Igembe, Meru, na muguka wa Mbeere, Embu, ni mmea mmoja wenye sura mbili: miraa huja vijiti vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, muguka huuzwa majani matupu kwa bei ambayo kijana wa bodaboda anaimudu kabla hajapata abiria wa tatu. Dawa iliyomo inaitwa kathinoni, jamaa ya karibu ya amfetamini. Jani likishachumwa, kathinoni huanza kugeuka na kuwa kitu dhaifu zaidi, ndiyo maana magari ya miraa hukimbia vile yanavyokimbia na mchuuzi hamwagii majani maji kwa sababu ya urembo. Mtafunaji huanza adhuhuri, shavu moja limevimba, njugu na chingamu ya Big G mkononi, soda pembeni. Njaa inaondoka. Usingizi unaondoka. Maneno yanakuja mengi na mipango mikubwa, hiyo ndiyo handasi. Usiku wa manane mwili unadai deni lake na usingizi haupatikani. Moyo unadunda, shinikizo la damu limepanda, choo ni kigumu, na kesho yake hakuna njia ya kuamka ila kwa kutafuna tena. Utafiti wa NACADA, taasisi ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya 960,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia miraa au muguka, mtu 1 kati ya 28.

Madhara makubwa zaidi huchukua muda kujionyesha. Madaktari wa Yemen wameonyesha uhusiano kati ya kutafuna kwa wingi na mshtuko wa moyo, na pia watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Huko Harar, Ethiopia, hospitali zilikuwa zikipokea wagonjwa wa ini ambao ugonjwa wao haukuelezeka kwa pombe wala kwa virusi vya homa ya ini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba watafunaji walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa ini wa kudumu kuliko wasiotafuna. Hargeisa nako, Somaliland, utafiti wa mwaka 2005 ulihusisha wazimu wa vijana wa kiume na kuanza kutafuna mapema na kutafuna kupita kiasi. Haki inataka niseme pia upande wa pili: kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipoipima miraa mwaka 2006 haikupendekeza iwekwe chini ya mikataba ya kimataifa ya mihadarati, na watu wengi hutafuna maisha yao yote bila kupata wazimu. Sidai kwamba kila shavu lililovimba linaelekea wodini. Ninachodai ni kwamba hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo ungelijua kwa kutazama kijani cha jani na kumshukuru aliyeliumba.

Hoja hii haikubaki Gusii. Imewangoja watu wetu ng'ambo. Minnesota, nchini Marekani, kuna jamii kubwa ya Abagusii, wengi wakifanya kazi za uuguzi na kutunza wazee, zamu za usiku zikifuatana hadi mgongo unaomba msamaha. Huko kratom inauzwa madukani, hata kwenye vituo vya petroli, ikiwa unga wa kijani, vidonge, au chupa ndogo, na maneno yanayoisindikiza ni yale yale ya Daraja Mbili: ni jani, ni asili, si dawa ya kulevya. Mti wenyewe ni wa Thailand, Malaysia na Indonesia, wa ukoo mmoja na kahawa ambayo Wagusii wamelima tangu miaka ya 1930. Vibarua wa Thailand walitafuna majani yake ili wastahimili jua. Serikali yao iliupiga marufuku mwaka 1943, kisha ikauondoa kwenye orodha ya mihadarati mwaka 2021. Dawa iliyomo, mitrajinini, hushika mahali pale pale katika ubongo ambapo mofini hushika. Kiasi kidogo huchangamsha, kikubwa hulegeza na kulewesha, na anayeizoea akiiacha hupata arosto: jasho, maumivu ya viungo, kuharisha, kukosa usingizi. Kuna walioharibika ini, kuna waliopata degedege, na kuna watoto waliozaliwa na mama watumiaji wakaanza maisha yao kwa arosto.

Hapa pia ushahidi unahitaji kusomwa kwa makini. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichunguza vifo 27,338 vya kuzidisha dawa katika majimbo 27, kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Kratom ilikutwa katika miili 152, na katika vifo 91 ilitajwa kuwa chanzo au sehemu ya chanzo. Karibu wote walikuwa na dawa nyingine mwilini. Waliokutwa na kratom peke yake walikuwa 7. Mtetezi wa kratom atashika hiyo 7 na kusema, mnaona, ni salama. Mimi naona kinyume. Nani katika maisha halisi hutumia kitu kimoja peke yake? Mwenye maumivu ana vidonge vya hospitali, ana chupa ya kikohozi, pengine ana bia ya Jumamosi, na jani linaingia mwilini mwake kukutana na hivyo vyote. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua kwa bakteria wa salmonela waliokuwa ndani ya kratom. Wala hiyo haikuwa sumu ya jani. Ilikuwa sumu ya bidhaa ambayo hakuna aliyewajibika kuikagua, kwa kuwa ni jani tu.

Jambo hilo la bidhaa ndilo naona limesahaulika kuliko yote, nalo linaikata hoja ya majani ya Mungu kwenye mzizi. Mmea unapokua shambani huja na kipimo chake. Ni mchungu. Ni mwingi kwa ujazo na dawa iliyomo ni kidogo. Unachosha taya, unajaza tumbo, unanyauka baada ya siku mbili. Kibarua wa Thailand hakuweza kula majani mia moja kwa mkupuo hata angetaka, na mzee wa Igembe alitafuna polepole katikati ya mazungumzo. Biashara inavunja kipimo hicho kwanza. Kratom imekamuliwa hadi kuwa kidonge chenye hidroksimitrajinini, sehemu yake yenye nguvu zaidi, ambayo ndani ya jani ni chembe tu, na Julai 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikapendekeza kiungo hicho kidhibitiwe kama dawa ya kulevya. Miraa nayo inasagwa na kutiwa kwenye juisi, jaba juisi, yenye sukari ya kufunika uchungu, na mnywaji humaliza kwa dakika tano kile ambacho taya lingekimaliza jioni nzima. Gusii tuliliona hili mapema katika pombe. Busaa ya wimbi ilikuwa nzito, nusu yake uji, wazee waliinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na ilichacha kabla ya juma kwisha. Chang'aa ilipokuja, sukari nguru na pipa la moto vikatoa kitu kinachokaa ndani ya jerikeni mwaka mzima na kumwangusha mtu kwa glasi mbili. Muumini anayesema Mungu aliumba jani hajasema lolote kuhusu kidonge, chupa au jerikeni. Alichoumba Mungu kilikuwa na breki, na kinachouzwa ni kile kilichong'olewa breki.

Nitajibiwa kwamba wazee wetu walitumia mitishamba na wakaishi miaka mingi. Siwadharau wazee hao. Omobari, mpasuaji wa jadi wa Kisii, alilipasua fuvu la kichwa cha binadamu kwa vifaa vyake mwenyewe na mgonjwa akainuka. Watu wenye ujuzi wa namna hiyo hawakuwa wajinga. Lakini uzoefu, hata wa vizazi kumi, huona vizuri aina moja tu ya madhara, yale yanayokuja haraka. Mtu akinywa maji ya mzizi akaanguka jioni ile ile, kijiji kitakumbuka mzizi huo milele. Akinywa kwa miaka mitano, figo zikafa katika mwaka wa kumi, nani atauunganisha mzizi na kaburi? Tumbaku ilivutwa duniani kwa karne nne kabla tafiti kubwa za mwaka 1950, za Uingereza na Marekani, hazijaonyesha wazi kwamba inaleta saratani ya mapafu, na karne zote hizo walikuwapo wazee wenye kiko waliozika wajukuu. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza uzito walianza kufika hospitalini wakiwa figo zimekauka. Idadi yao ilipita 100, na baadhi yao wakapata saratani miaka baadaye. Mmea uliohusika, aristolokia, ni wa jamii iliyotumika kama dawa tangu zama za Wagiriki. Miaka elfu mbili ya matumizi haikuugundua ubaya wake, kwa kuwa ubaya huo hauna haraka.

Nafika sasa mahali ambapo kosa hili linakuwa la hatari zaidi kwetu kuliko kwa watu wa Brussels. Katika jamii inayoamini kwamba jani halina hatia, ugonjwa unapotokea hatia hutafuta mtu. Kijana aliyekuwa mzima anaanza kusikia sauti. Halali. Anasema jirani anamfuatilia, anakataa chakula cha mama yake, anavua nguo sokoni. Daktari wa akili katika Hospitali ya Rufaa ya Kisii angeuliza anatumia nini na tangu lini, maana wazimu wa namna hiyo unaweza kuletwa na kutafuna kupita kiasi, na bangi nayo inaweza. Familia haiulizi hivyo. Inauliza nani amemfanyia. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowatuhumu kwa uchawi. Sisemi kwamba kisa kile kilihusu dawa yoyote. Nasema kwamba mahali ambapo jibu la nani linaweza kuwa hukumu ya kifo kwa bibi kizee, kila swali la nini linaloulizwa kwa wakati wake ni kinga ya uhai. Kanisa linalofundisha kwamba majani hayawezi kudhuru, hata kwa kunyamaza tu, linaondoa maelezo ya kawaida kabisa ya kichaa cha kijana, na linaiacha familia na maelezo ya usiku. Fundisho lililokusudiwa kumtukuza Muumba linaishia kumwacha mjane bila mtetezi. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote niliyoyataja, na ningependa wachungaji walitafakari kabla ya hayo mengine.

Wapo watakaosema: na chai je? Swali ni la haki, na Nyamira haiwezi kulikwepa. Viwanda vya Sanganyi, Nyansiongo, Tombe, Kebirigo na Gianchore vinasaga jani lenye kafeini, dawa inayoondoa usingizi na inayomfanya aliyeizoea aumwe kichwa akiikosa. Kanuni ninayoitetea haiipi chai msamaha kwa sababu inatulisha. Inaipima kwa kipimo kile kile: kuna nini ndani, kiasi gani, kinamfanya nini mnywaji baada ya miaka, na anaweza kuacha akitaka? Chai imepimwa hivyo kwa miongo mingi, na kikombe cha kawaida hakijakutwa kikiharibu ini wala akili. Muadventista anayeichuma bila kuinywa ana msimamo wake, na namheshimu, ingawa atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini anamuuzia mwenzake asichokitaka yeye. Hoja ya riziki inafanana na hiyo. Meru na Embu zinaishi kwa jani, na Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku muguka, kilio cha wakulima kilikuwa cha kweli, Rais akazitangaza marufuku hizo kuwa batili na mahakama ikazisimamisha. Riziki ya mkulima ni sababu nzuri ya kutomwangusha ghafla na ya kumtafutia zao jingine. Haiwezi kuwa ushahidi wa daktari. Kathinoni haipungui nguvu kwa sababu aliyeilima ana watoto shuleni.

Dawa za hospitali nazo zinadhuru, na nyingi zilitoka mitini. Kwinini ilitoka kwenye gome, mofini kwenye mpopi, na artemisinini inayotuponya malaria kwenye jani la artemisia. Nakubali yote hayo, na ndiyo sababu sikubali kuweka mti upande mmoja na kidonge upande mwingine kana kwamba kimoja ni cha Mungu na kingine cha mzungu. Kinachotenganisha artemisinini na chupa isiyo na lebo ni kwamba artemisinini ina jina, ina uzito, ina orodha ya watu wasiopaswa kuimeza, na ikiua kuna mtu wa kuulizwa. Mganga anayejua mti wake, anayepima, anayekataa kumpa mama mjamzito na anayemrudisha mgonjwa hospitalini hali ikibadilika, huyo yuko upande wa artemisinini. Wapo waganga wa hivyo Gusii. Hoja ya majani ya Mungu haiwasaidii; inawachanganya na kila mwenye meza na vikopo.

Inabaki hoja ya uhuru: mtu mzima na mwili wake, mnamwingilia nini? Paulo, akiwaandikia Wakorintho waliojivunia uhuru wao, hakubishana nao kama jambo fulani limeruhusiwa. Alilihamisha swali. Likisharuhusiwa, aliuliza, nani atakuwa bwana, wewe au jambo lenyewe? Waislamu wa Pwani waliojadili muguka wana kanuni yao, kwamba kinacholevya kwa wingi wake, hata uchache wake ni haramu, na ingawa njia ni nyingine wanalinda kitu kile kile, akili inayoweza kumjibu Mungu. Uhuru wa kuchagua unamtaka anayechagua abaki yeye yule kesho. Anayechagua mara ya kwanza kwa kudanganywa kwamba hakuna hatari hajachagua, na anayechagua mara ya mia tano kwa sababu ya arosto hachagui tena. Kati ya hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho ukweli unaweza kumfikia, na katika kipindi hicho kumficha habari kwa kisingizio cha kumheshimu ni kumwibia.

Habari hizo zinapotea kwa namna ya kawaida sana. Mgonjwa akiulizwa wodini kama anatumia dawa yoyote, hujibu hapana, naye hasemi uongo, kwa kuwa muguka na unga wa mizizi havihesabu kuwa dawa. Daktari anaandika hapana na kuendelea. Lakini imeonyeshwa kwamba miraa huzuia mwili usinyonye ampisilini ipasavyo, kwa hiyo maambukizi yanaweza kukataa kupona na hakuna anayejua sababu. Mitishamba mingine husukuma dawa za shinikizo, za kisukari au za virusi vya Ukimwi juu au chini ya kipimo. Mchungaji au mzee wa kanisa anayemtembelea mgonjwa huyo jioni ana nafasi ambayo daktari hana, kwa sababu kwake mgonjwa haoni haya na haogopi kugombezwa. Kabla ya maombi, au baada yake, aulize kwa upole mgonjwa anatafuna nini, anakunywa nini, kiasi gani na tangu lini, na kwa idhini yake amwombe mke au mama arudi nyumbani alete hospitalini ile chupa iliyobaki kabatini, pamoja na jina la aliyeiuza.